Kopo Lenye Mtoto Mnene

Picha ya kopo hailiwi. Mmelisikia neno hili leo, shangazi yenu akimtania binti anayechumbiwa na kijana wa viatu vinavyong'aa, nanyi mkacheka mpaka mkashika mbavu. Kisha mmeniuliza limetoka wapi. Nitawaambia, lakini wekeni kicheko kando kwanza. Neno hili halikuzaliwa kwenye uchumba wala harusi. Lilizaliwa kwa hasira, na kila ninapolisimulia hasira hiyo hunirudia.

Lilianzia Mghimba, kijiji cha wakulima wa tangawizi huko milimani Upare. Palikuwa na duka moja tu la maana, duka la mzee Kiangi, mtu wa kanisani, mpole, mwenye mizani isiyopunja. Ukifika kwake husomi jina lililoandikwa, unataja picha. Unasema, nipe chai ya tausi, nipe kiberiti cha mwezi, nipe sabuni ya kinu. Kiangi ananyoosha mkono rafuni, anakupa, unatia kikapuni, unakwenda zako. Hakuna aliyekigeuza kitu akakitazama nyuma. Kugeuza ilikuwa tusi. Ilikuwa sawa na kualikwa chakula ukaanza kunusa mboga mbele ya mwenye nyumba. Kiangi mwenyewe, akiteremka mjini kuleta bidhaa, alinunua kwa picha vilevile.

Mtasema watu wale hawakujua kusoma. Laiti ingekuwa hivyo! Wengi walijua, na aliyewafundisha ni Mwalimu Nakundwa.

Mwalimu Nakundwa alikuwa mjane wa makamo. Alifundisha kisomo cha watu wazima kwa miaka kumi na tisa, katika ghala la tangawizi, ubao ukiwa umeegemezwa kwenye magunia. Alikuwa mkali. Babu wa miaka sabini akikosea silabi aliamriwa asimame mpaka aipate. Alikuwa akiwaambia wanafunzi wake kwamba asiyejua kusoma huongozwa mkono na kila mpita njia, na waliokacha darasa aliwafuata mpaka shambani. Lakini akienda dukani, Mwalimu huyo huyo alisema, nipe chai ya tausi. Hakutaka aonekane anaringia elimu. Hakutaka kumvunjia Kiangi heshima. Adabu, jamani! Adabu ni kitu kizuri, ila siku nyingine inaua.

Binti yake, Elinazi, alijifungua mtoto wa kiume, wakamwita Mbonea. Mtoto hajatimiza hata mwezi, mama akaugua kifua, akalazwa hospitali mjini. Madaktari wakasema atakaa miezi, na dawa anazomeza ni kali mno, asinyonyeshe. Mwalimu akampokea mjukuu wake, akapewa na makopo mawili ya maziwa ya watoto wachanga. Kopo lilikuwa na picha ya mtoto aliyevaa kofia. Muuguzi alimweleza vipimo vya maji na unga, naye Mwalimu akaondoka na kila neno kichwani. Mbonea akanywa, akanenepa, akaanza kucheka na taa.

Makopo yale yalipokaribia kwisha, Mwalimu alikwenda kwa Kiangi.

"Nipe maziwa ya mtoto," alisema.

Kiangi akatabasamu, akamteremshia kopo jipya, zuri kuliko la hospitali. Mbele lilikuwa na mtoto mnene, mashavu yamejaa, vishimo viwili vya kicheko, na juu yake maneno makubwa mekundu: AFYA TELE. Nyuma lilikuwa na maandishi madogo, yamebanana. Mwalimu aliyaona. Alikuwa na miwani. Nasema alikuwa na miwani, inaning'inia shingoni kwa uzi! Kuivaa kungemchukua muda wa kupiga chafya. Hakuivaa. Alimtazama yule mtoto mnene, akamfikiria wake, akasema, "Nipe mawili."

Siku za kwanza Mbonea alikunywa vizuri. Wiki ya pili akaanza kulia mfululizo, analia huku ananyonya chupa. Mwalimu akasema ni tumbo. Wiki ya tatu akaacha kulia, na majirani wakampongeza Mwalimu kwamba mtoto ametulia. Alitulia kweli. Mikono ilikuwa imekonda, miguu imevimba, nywele zimefifia rangi, na akiitwa jina hageuki. Mwanamke mmoja akasema ametupiwa jicho na wenye husuda. Mwalimu Nakundwa, mtu wa kitabu, akaanza kupekua moyoni ni jirani yupi anayemwonea wivu. Akaacha hata kuitikia salamu za mama mmoja asiye na kosa lolote. Ndivyo tulivyo. Tukikosa kusoma kilicho mkononi, tunasoma nyuso za majirani.

Alipoona mtoto anashindwa kumeza, alimfunga mgongoni, akateremka zahanati. Benchi lilikuwa limejaa akina mama, na zaidi ya nusu yao walikuwa wamepita darasani kwake. Wakampisha apite mbele. Muuguzi, Sista Namsemba, mwanamke wa maneno machache, alimlaza mtoto mezani, akambonyeza mguu kwa kidole. Kidole kiliacha shimo.

"Anakula nini huyu?"

"Maziwa," Mwalimu akajibu. "Tena mazuri. Simpi maji ya uji kama wengine."

Akafungua kikapu, akalitoa kopo, akalisimamisha mezani yule mtoto mnene akitazama watu. Sista alilichukua, akaligeuza. Alisoma mpaka mwisho. Halafu hakumweleza kitu. Alimrudishia.

"Wewe ni mwalimu," alisema. "Nisomee."

"Sista, mtoto anazidiwa hapa, unanifanyia mtihani?"

"Nisomee. Upande huu."

Mwalimu akavaa miwani. Akaanza kwa sauti ileile ya darasani, maana hakuwa na nyingine ya kusomea. "Krima ya kutia kwenye chai na kahawa. Imetengenezwa kwa sukari ya mahindi, mafuta ya mawese..." Sauti ikapungua. "Haina maziwa."

"Endelea."

"Sista..."

"Endelea, Mwalimu. Mstari wa mwisho."

"Isitumike kumlisha mtoto mchanga."

Kiswahili kitupu, watoto wangu. Si Kijerumani, si Kichina. Kiswahili kile kile alichokuwa akikiandika ubaoni kwa chaki. Na aliyekiandika kiwandani alijua kabisa anachofanya: ukweli akauweka nyuma kwa herufi za sisimizi, na mbele akabandika mtoto mnene kwenye kitu kisichofaa mtoto, kwa sababu anajua mama hutazama wapi. Huyo mtu simjui, na sitaki kumjua. Kama bado yu hai, chai yake na imkwame.

Sista akaanza kuandika barua ya kumpeleka mtoto hospitali kubwa, na gari la tangawizi lililokuwa likiteremka likasimamishwa. Dada yake Mwalimu, aliyekuwa amewasindikiza, akaondoka na mtoto, maana Sista alisema lazima aende sasa hivi, na Mwalimu alikuwa ameshatoka nje na lile kopo. Hakuwa akilia. Alikuwa akitembea kama mtu anayekwenda kuvunja mlango.

Kiangi alikuwa akipima sukari alipomwona. Mwalimu alilitua kopo mezani kwa kishindo, mizani ikaruka.

"Umeniuzia nini?"

"Mwalimu, karibu. Kuna nini?"

"Nimekuuliza, Kiangi! Umeniuzia nini nikamlisha mjukuu wangu?"

"Uliomba ya mtoto. Nikakupa ya mtoto. Huyo hapo."

"Soma nyuma."

Kiangi akasoma. Alikuwa mwanafunzi wake wa mwaka wa kwanza kabisa, mwenye hati nzuri. Alipofika mstari wa mwisho uso wake ulibadilika, akataka kuliweka kopo chini.

"Tangu limeingia dukani kwako hujalisoma?"

"Sikusoma, Mwalimu. Nani anasoma? Nililiona huko mjini, picha nzuri, bei nafuu, nikasema litawafaa kina mama." Kisha, maana hata mtu mpole akibanwa huuma, akaongeza, "Na wewe je? Miwani si hiyo shingoni?"

Mwalimu aliinua mkono kumzaba kofi. Watu waliokuwapo waliapa aliunyanyua kabisa. Lakini haukushuka kwa Kiangi. Aliupitisha rafuni, akayakumba makopo yote ya AFYA TELE, yakamwagika sakafuni.

"Mengine yako wapi? Umeuza mangapi?"

Kiangi alikuwa ameinama akiokota. "Wewe mawili," alisema bila kuinuka. "Na Nanzia wa mtaa wa juu, mawili."

Nanzia alikuwa mke wa mchimba mitaro, binti ambaye titi lake lilifanya jipu akashindwa kunyonyesha. Siku nane kabla, Mghimba nzima ilikuwa nyumbani kwake kumzika mtoto wake wa kike wa miezi mitatu. Mwalimu alikuwako. Alibeba sufuria la maharage ya msiba, akamwambia Nanzia kwamba kazi ya Mungu haina makosa.

"Mwalimu," Kiangi akasema, na sasa alikuwa analia, "yule binti hakuomba ya mtoto. Aliuliza, Mwalimu Nakundwa anampa mjukuu wake kopo lipi? Nikamwonyesha. Akasema, basi nipe hilo hilo, yeye ni msomi, hawezi kukosea."

Wapo waliomshauri Mwalimu akae kimya. Msiba umekwisha, walisema, maziko yamefanyika, kumtonesha mtu kidonda kuna faida gani? Maneno ya watu wanaopenda kulala usingizi. Aliwaambia waondoke mbele yake. Akapanda mlima na kopo mkononi, jua la mchana likimwaka utosini. Hasira yote aliyokuwa nayo juu ya kiwanda, juu ya Kiangi, juu ya jirani aliyemdhania uchawi, ilikuwa imegeuka njiani, inamtazama yeye mwenyewe.

Alimkuta Nanzia uani, akikwangua tangawizi. Hakukaa. Alisema akiwa amesimama, yote, bila kujipunguzia hata neno: kwamba kopo halikuwa maziwa, kwamba imeandikwa, kwamba yeye alikuwa na miwani shingoni na hakusoma. Akamaliza kwa kusema, "Nisamehe, mwanangu."

Nanzia aliendelea kukwangua kipande kilichokuwa mkononi mpaka kikaisha. Ndipo akasema, "Sikusamehe."

"Una haki."

"Mimi sijui kusoma, Mwalimu. Ningeligeuza hilo kopo mara mia, ningeona vidudu vyeusi tu. Kwa hiyo nilikufuata wewe. Nilikufuata wewe!" Alipaza sauti mpaka wapita njia wakasimama. "Mama mkwe wangu wamemwita mchawi kwa ajili ya mtoto yule. Amefukuzwa, yuko kwa dada yake, hali wala hanywi. Kumbe mchawi ni kopo, na jina lake limeandikwa mgongoni!"

Nanzia akafuta mikono kwenye kanga, akamsogelea, akalichukua kopo.

"Kaa chini," alisema. "Nionyeshe ni herufi zipi zilizomuua mwanangu. Moja moja. Usiniruke hata moja."

Mwalimu Nakundwa akakaa kwenye maganda ya tangawizi. Akaweka kidole chini ya mstari wa mwisho, akasoma, i, si, tu, mi, ke. Nanzia akarudia kila silabi. Walipofika kwenye neno mtoto sauti ya Mwalimu ilikatika, na Nanzia akamwambia kwa ukali, "Soma." Akasoma. Jua lilikuwa linaelekea magharibi walipomaliza, na Nanzia aliweza kuupitia mstari ule peke yake, polepole, mwanzo hadi mwisho, kisha akaupitia tena.

Mbonea alipona. Alirudi na mama yake miezi mingi baadaye, miguu myembamba, lakini hai. Mama mkwe wa Nanzia aliombwa radhi akarudi nyumbani. Makopo ya Kiangi yalichomwa shimoni, na tangu hapo hakuna mwanamke wa Mghimba aliyeona haya kugeuza kitu dukani, hata Kiangi awe amenyoosha mkono anangoja. Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ile, pale uani, Nanzia aliligeuza kopo upande wa mbele, akamtazama yule mtoto mnene mwenye vishimo mashavuni, akamtazama kwa muda mrefu.

"Amenona kweli huyu," alisema. "Wangu alikufa mwepesi kama kuku. Nenda ukawaambie hivyo wanafunzi wako, Mwalimu, waliosoma na wasiosoma. Picha ya kopo hailiwi."