Kreni Moja, Kingo Mbili

Hapo zamani, si zamani za wafalme bali zamani hizi za kompyuta, watu wa Mto Lihuku walikuwa wakijenga daraja. Zahanati ilikuwa ng'ambo. Masika yaliyopita wajawazito walijifungulia ukingoni, taa za zahanati wakiziona. Safari hii watu wakaapa: daraja litangulie, mvua ifuate.

Mpanga ratiba alikuwa Scholastika Hyera. Aliingiza kila kazi kwenye programu ya kompyuta: kila kazi na mstari wake, kila chombo na siku zake. Siku moja mistari miwili ikageuka myekundu. Kreni ya kuinua mihimili ilikuwa moja tu, na kingo zote mbili, wa mashariki na wa magharibi, ziliipangia wiki ileile.

Scholastika akawaita wasimamizi wawili.

"Kreni haiwezi kusimama kote kwa pamoja," akasema. "Mmoja wenu atakuwa wa mwisho, na wa mwisho ndiye ambaye mvua inaweza kumkuta."

Msimamizi wa mashariki akatazama chini. Wa magharibi, Mapunda, akasema, "Wape wenzangu. Sisi tutasuka nondo tukingoja."

Vijana wa mashariki wakapiga kelele kutoka ng'ambo, "Mapunda! Mnajenga daraja au mnalinda mto?"

Mapunda akaendelea kusuka nondo.

Mashariki wakamaliza. Kreni ikapakiwa kwenye lori, ikazungushwa kwa njia ya mbali hadi magharibi. Mawingu yalikuwa yameshajaa. Ikashushwa, lakini kiti cha dereva kilikuwa kitupu.

Dereva, Tasiana Nchimbi, alikuwa ameshaanza likizo. Jumamosi ile alikuwa anaolewa. Scholastika aliiingiza kreni katika ratiba, akamsahau mtu anayeiendesha.

Akampigia simu. "Dada Tasiana, kwenye ratiba kreni iko huru."

"Kreni iko huru, dada. Kreni haiolewi."

Nyuma ya Tasiana walisikika shangazi zake wakiimba huku wakichambua mchele. Kisha akauliza, "Mawingu yakoje?"

"Meusi."

"Basi. Harusi husogezwa. Mvua haisogezwi."

Alikuja na kucha zenye rangi ya harusi. Akainua mhimili wa kwanza. Kina Mapunda wakaupokea. Akainua wa pili, wakaupokea. Wa mwisho ulipokaa mahali pake, tone la kwanza likapiga kioo cha kreni.

Mvua ikanyesha kama iliyodhulumiwa. Mto ukafurika. Daraja likasimama! Vigelegele vikajibizana, ukingo kwa ukingo, na wanaume wazima wakacheza kwenye tope.

Sasa, kwa desturi ya Lihuku, daraja huchukua jina la mtu wa kwanza kulivuka. Siku ya kulifungua, mwenyekiti wa kijiji akafunga njia kwa kamba, akaushika mwisho wake. Watu watatu wakasogea.

"Mimi niliona," akasema Scholastika. "Bila mimi kingo mbili zingegombea kreni hadi mvua ishuke."

"Uliona kreni, hukuona dereva," akasema Mapunda. "Mimi nilikubali kuwa wa mwisho. Nilichekwa mto mzima ukisikia."

"Ulichekwa, kaka, lakini jioni ulirudi kwa mkeo," akasema Tasiana, aliyekuja amevaa shela. "Mimi niliwarudisha wageni mlangoni."

"Na mihimili ungeiweka wapi, kama nondo hazijasukwa?" akauliza Mapunda.

"Na nani alikupigia simu, bibi harusi?" akadakia Scholastika.

Umati ukacheka. Kutoka nyuma, bwana harusi akapaza sauti, "Amueni upesi, jamani! Mwenzenu bado sijaoa!"

Mwenyekiti akamtazama aliyeona. Akamtazama aliyepisha. Akamtazama aliyeahirisha. Mkono wake ukabaki kwenye kamba.

Nami nimechoka kumsubiri. Kamba hiyo, ishike wewe. Je, nani alistahili kutangulia?