Kamba Mbili za Kupimia Vichwa

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kama mliolala njaa. Haya, sogeeni hivyo hivyo.

Zamani za kale, Ngiri akiwa jumbe wa wanyama, walikuwako watoto wakimya. Hawatazami mtu machoni. Mwiba, mwana wa Nungunungu, alikuwa mmoja wao. Wewe unamsalimu, yeye anahesabu siafu.

Ngiri akataka kujua vichwani mwao mna nini. Akaagiza watoto wote wapimwe vichwa. Fisi Maji apime mtoni, Pimbi apime jabalini, kila mmoja kwa kamba yake ya ngozi yenye mafundo.

Mtoni maji yanavuma, vuu, vuu. Watoto wakimya wakaziba masikio, wakakimbia. Mama zao wakawapeleka jabalini, kwenye utulivu; watoto wengine wote wakapimwa mtoni.

Hesabu zote zikamwagwa chungu kimoja. Watoto wengine, mafundo matano. Wakimya, saba.

Ngiri akakoroma. Vichwa vimevimba, akasema, maradhi hayo. Jua likichomoza, wakimya wote wahamishiwe pango la ng'ambo, peke yao.

Nungunungu miiba ikamsimama, chaka chaka chaka. Akaapa kwamba Mwiba alivishwa kamba mtoni kabla hajakimbia, mafundo matano. Asubuhi ile ile, jabalini, saba. Wakamcheka. Mama ni mama, wakasema, hata kichwa cha kiboko atakiita chungwa.

Jua likachomoza. Walinzi hao, na Ngiri, na wapimaji na kamba zao. Mwiba kajikunja shimoni. Mama yake kaziba mlango.

"Jumbe, utamchukua. Lakini kwanza upimwe wewe, kwa kamba zote mbili."

Ngiri, anavyokipenda kichwa chake, akainama.

Kamba ya Fisi Maji, inachuruzika maji: tisa.

Kamba ya Pimbi, kavu kau: kumi na mbili.

Ngiri akajipapasa kichwa.

"Kimevimba sasa hivi, Jumbe," akasema Nungunungu, "au twende sote pangoni?"

Pimbi akazilaza kamba pamoja. Ya mtoni imelowa, imevutika, mafundo yameachana. Ya jabalini imekaushwa na jua, imenywea, mafundo yamekaribiana. Kumbe walichopima ni kamba, si watoto.

Ngiri akaifuta amri, macho chini, mkia juu. Mwiba akarudi kwa siafu wake. Hatazami mtu machoni hata leo. Na kichwani mwake mna nini? Bado hatujui.

Basi, wakubwa kwa wadogo, ukitaka kuchanganya hesabu za watu wawili, pima kwanza kamba zao. Usipopima, utamhukumu mtoto kwa kosa la ngozi.

Hadithi yangu imefika ncha ya kamba. Hapo ndipo ninapoipiga fundo.