Milia ya Mbasa na Mlango wa Sekela

Ninyi mnaomjua samaki mbasa kwa milia yake myeusi, tulieni niwaeleze alivyoipata. Hapo kale, Ziwa Nyasa likiwa hili hili ila watu wake wachache, mbasa alikuwa mweupe mtupu, mweupe kama unga uliotoka kutwangwa.

Siku hizo, mahali mto unapoingia ziwani, aliishi mvuvi aitwaye Kalindu pamoja na mkewe, Sekela. Kalindu hakuwa na nyavu nyingi, lakini miguu yake iliyajua maji. Mvua za kwanza zikishanyesha milimani, aliingia ziwani mpaka magotini, akatembea polepole, akitafuta mahali ambapo maji vuguvugu ya ziwa yanakutana na maji baridi ya mto. Akipapata, alisimama akatabasamu. Alijua kwamba mbasa wenye mayai wanausikia ubaridi ule, wanaufuata mpaka mtoni, kisha wanapanda juu kwenye changarawe kutaga.

Mwaka huo Sekela alikuwa na mimba yake ya kwanza, na desturi ilitaka mtoto wa kwanza azaliwe kwa bibi yake mzaa mama, huko juu ya mto. Bibi huyo hakupenda binti yake aolewe na mtu wa ziwani. Siku ya harusi alisema mbele ya wageni wote, "Mwanangu anakwenda kula vidagaa mpaka aote magamba." Watu walicheka, na Kalindu alicheka nao, lakini neno lile lilimkaa moyoni.

Basi alitaka Sekela aende kwao na mtumbwi uliojaa mbasa. Alikata mianzi, akaisimamisha mtoni kutoka ukingo hadi ukingo, akaifunga kwa kamba bila kuacha upenyo. Mbasa wakaja. Walipofika kwenye uzio wakasimama, vichwa vyote vikielekea juu ya mto. Kalindu hakuwagusa.

"Wafike wote kwanza," alisema.

Mvua ikakatika, maji yakatulia, jua likawaka. Likawaka siku ya kwanza, likawaka ya pili, likawaka ya tatu, na kivuli cha kila mwanzi kikalala juu ya mbavu nyeupe za samaki waliosubiri.

Asubuhi ya siku ya nne, uchungu ulimshika Sekela kabla ya wakati wake. Njia ya nchi kavu ilikuwa bado chini ya maji ya mafuriko ya mvua zile. Shangazi yake Kalindu, mwanamke hodari wa kasia na mwenye mdomo usiopumzika, alimpandisha mtumbwini, akapiga kasia mpaka pua ya mtumbwi ikagonga mianzi.

"We Kalindu! Umeoa mke au umeoa uzio?"

"Shangazi, ngojeni kidogo tu. Niwachote hawa, halafu nifungue. Ni wa mama mkwe."

Sekela aliushika ukingo wa mtumbwi, akangoja maumivu yapite. "Mume wangu," akasema, "samaki wa mama ndio watakaonizuia nisifike kwa mama?"

Kalindu alikuwa ndani ya maji, kapu mkononi. Wakati huo mbasa jike alijisugua gotini mwake, na tumbo lake lilikuwa gumu, zito, limejaa. Kalindu alilijua tumbo la namna hiyo. Kila asubuhi aliliwekea kiganja nyumbani kwake. Akamtazama mkewe, akawatazama samaki. Wote walikuwa wameelekea upande mmoja, na wote walikuwa wakihema. Akalitupa kapu, akachukua mundu.

Alikata kamba katikati ya uzio. Mianzi ikaanguka, mtumbwi ukapita, na mbasa wakapita nao, kulia na kushoto, mbele na nyuma, chini ya kasia la shangazi. Hakubaki hata mmoja.

"Na zawadi ya mkweo?" shangazi akapaza sauti.

"Mwambie inakuja kwa kuogelea!"

Sekela alijifungua salama, mtoto wa kike. Bibi alipokwenda mtoni kuteka maji ya kumwogesha mjukuu, alikuta changarawe yote imejaa mbasa wakitaga, na kila mmoja alikuwa na mistari myeusi iliyosimama ubavuni. Kivuli cha mianzi kilikuwa kimewakalia mno mpaka kikazama ngozini. Bibi aliwatazama sana, na shangazi akamsimulia yote.

"Mkwe wangu ana wazimu," bibi akasema. Ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kumwita mkwe wangu.

Na tangu siku hiyo mbasa ana milia, na uzio wa mtoni una mlango. Mbasa wanaoupata mlango wanakwenda zao kutaga. Wanaoukosa ndio kitoweo chetu. Wala mvuvi hafungi mwanzi wa mwisho kabla mkewe hajapita mlangoni humo kwa mtumbwi, awe na mimba au asiwe nayo. Akipita bila kugusa, upenyo unatosha. Akigusa, mume hung'oa mwanzi mmoja zaidi, na mke hukaa mtumbwini akimcheka mpaka amalize.