Serapioni na Mkono wa Malaika

Wametusimulia waliotutangulia katika imani, nao walipokea kwa wazee wao, kwamba zamani, nchi ya Wanuba ilipokuwa na makanisa kandokando ya mto Nili, alikuwako mchoraji mcha Mungu aliyeitwa Serapioni. Kazi yake ilikuwa kuchora watakatifu kwenye kuta za makanisa. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Siku ya kuchora uso alifunga, na kabla ya kuchovya brashi alimwombea mwenye uso ule, kama yu hai. Jua likianza kushuka aliosha mikono akarudi nyumbani, maana alikuwa akisema kwamba mtu hawezi kuwachorea wenzake mbingu ilhali watu wa nyumbani mwake wana kiu ya kumwona. Huko alimkuta mkewe Yulita, aliyemsagia mawe ya rangi kwa mikono yake mwenyewe, na binti yao Tekla, mtoto waliyejaliwa baada ya miaka mingi ya machozi na dua.

Mji huo ulitawaliwa na liwali mwadilifu, jina lake Yoeli. Jioni moja Yoeli alikutwa amekufa chini ya ukuta wa ngome. Mdogo wake, Kosmasi, ndiye aliyekuwa naye juu ya ukuta, na Kosmasi ndiye aliyewaambia watu kwamba ndugu yake ameteleza. Wanaume wa kanisa waliitwa kuosha maiti, Serapioni akiwamo. Walipoinua mkono wa kushoto wa marehemu, waliona chini ya kwapa jeraha la kisu. Wakatazamana. Hakuna aliyefungua kinywa. Wakamvika sanda, wakamzika, na Kosmasi akakalia kiti cha ndugu yake.

Lakini siri ya maiti haikai kaburini. Watu hawakusema, ila kanisani walipopeana mkono wa amani, hapakuwa na mkono uliomfikia Kosmasi kwa hiari. Akaona kwamba amepata kiti na hakupata watu.

Katika nchi ile palikuwa na desturi: liwali aliyetawala kwa haki huchorwa ukutani mwa kanisa, na nyuma yake Malaika Mkuu Mikaeli amemwekea mkono begani, ili kila aingiaye ajue kwamba mbingu zimemridhia. Kosmasi akamwita Serapioni ngomeni.

"Nichore kama walivyochorwa walionitangulia," akamwambia. "Sikukuu ya Malaika Mkuu inakaribia. Siku hiyo pazia litaondolewa mbele ya watu wote."

Serapioni akainamisha kichwa. "Bwana wangu, nitachora mavazi yako, na kilemba chako, na uso wako kama Mwenyezi Mungu alivyouumba. Mkono wa malaika sitaweza."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa miongoni mwa waliomwosha ndugu yako."

Kosmasi akawaashiria walinzi watoke. Walipobaki wawili, alimkaribia mchoraji hata pumzi zao zikakutana. Angeweza kumwua palepale. Lakini hapakuwa na mchoraji mwingine katika mji ule, na mauti ya pili yangeyathibitisha yale ya kwanza.

"Una mke," alisema kwa sauti ya chini. "Na mtoto unaye. Watakuwa wageni wangu humu ngomeni. Siku mkono utakapokuwa begani mwangu, watarudi kwako. Sikukuu ikifika na mkono haupo, usiniulize walipo."

Serapioni aliporudi nyumbani alikuta jiko bado lina moto na hakuna mtu.

Akaanza kazi, kwa kuwa hakujua la kufanya ila kazi na sala. Akapaka chokaa ukuta, akachora umbo la malaika, mabawa yake, vazi lake, mkono wake ulioshuka kuelekea bega la liwali. Alipofika kwenye kifundo cha mkono alisimama. Pale paliposalia palikuwa peupe, padogo, pasipozidi kiganja. Akawa anapatazama na kuwaza: ni rangi tu na chokaa. Asubuhi moja yatosha, na Tekla atalala nyumbani.

Wazo hilo halikumwacha. Akaomba ruhusa ya kumwona mkewe, akaruhusiwa kusema naye kwenye lango la ngome, mlinzi akiwa katikati yao. Yulita alikuwa amekonda. Tekla alikuwa amelala mgongoni mwake, mashavu mekundu kwa homa.

"Mama Tekla," Serapioni akasema, "ni kiganja tu. Watu wenyewe wanajua ukweli. Nani atadhurika?"

Yulita alimpandisha mtoto mgongoni, akaikaza mbeleko. "Baba Tekla, usiniulize mimi. Mimi ni mama. Ukiniuliza nitakwambia chora, na nitakwambia hivyo kila siku mpaka tutoke humu. Kwa hiyo usiniulize. Nenda ukamwulize Yeye aliyetupa huyu mtoto, na lolote atakalokujibu, mimi nitakuwa mkeo."

Mlinzi akamgusa bega kwamba muda umekwisha.

Serapioni alitembea kurudi kanisani huku machozi yakimtoka, wala hakuyafuta. Akapiga magoti mbele ya ule ukuta. Inasemekana hakuomba kwa maneno, bali alikaa tu kama mtoto anayengoja mlangoni kwa baba yake. Alipoinuka hakuwa na hakika ya lolote isipokuwa jambo moja: kwamba alikwisha kunyamaza mara moja, siku ya kuosha maiti, na kimya kile ndicho kilichomkalisha Kosmasi kitini. Kama angenyamaza tena, safari hii kwa rangi, angekuwa amemwua Yoeli mara ya pili.

Ulibaki uso. Kosmasi alikuja kanisani kukaa ili achorwe, akaketi juu ya kigoda, na Serapioni akamtazama kwa kitambo kirefu kama ilivyokuwa kawaida yake. Siku ya pili Kosmasi alishindwa kuvumilia yale macho.

"Unanitazama nini hivyo?"

"Ninakuombea, bwana wangu. Sijapata kuchora uso wa mtu aliye hai bila kumwombea."

Kosmasi akacheka kwa dharau. "Nimekufungia mkeo nawe unaniombea. Unaniombea nini?"

"Usingizi," akajibu Serapioni. "Naona hulali."

Kicheko kikakatika. Kosmasi aliinuka, kigoda kikaanguka nyuma yake, akatoka nje bila kugeuka. Serapioni akadhani amekwisha kuitia familia yake kaburini kwa ulimi wake. Hata hivyo kesho yake Kosmasi alirudi, akaketi tena juu ya kigoda. Akaja tena na tena, hata uso ulipokwisha kukamilika.

Basi sikukuu ikafika. Watu walijaa uani wakiwa na matawi ya mitende, askofu na mashemasi wakiwa mbele, na milango ya kanisa imefungwa. Askari walisimama wakingoja amri. Ndani alikuwamo Serapioni peke yake, na pale kwenye ukuta bado palikuwa peupe.

Kosmasi akaingia, akajifungia mlango nyuma yake. Akavuta pazia. Akaona.

"Hata leo mkono haupo?"

Serapioni alichukua bakuli la rangi na brashi, akavinyosha mbele yake. "Bwana wangu, mimi siwezi kushuhudia nisilolijua. Jioni ile juu ya ukuta mlikuwa wawili, na mmoja yuko kaburini. Wewe ndiye unayejua kama malaika wa Bwana alikuwa ameshika bega lako. Kama alikuwapo, mahali pake ni hapa. Chora kwa mkono wako."

Nje watu walikuwa wameanza kuimba. Kosmasi aliipokea brashi. Akapanda ngazi hatua moja, mbili, akaunyosha mkono hata ncha ya brashi ikabaki upana wa unyoya kutoka ukutani. Pale chini Serapioni alifumba macho, akamwona Tekla. Alingoja asikie brashi ikigusa chokaa.

Hakusikia. Alipofumbua macho, liwali alikuwa ameketi juu ya ngazi, kichwa amekiinamisha.

"Lilikuwa kubwa?" Kosmasi akauliza. "Lile jeraha."

"Hapana, bwana wangu. Lilikuwa dogo."

"Hakupiga kelele. Aliniita Kosi. Toka tulipokuwa watoto hakuwa ameniita hivyo."

Kosmasi akashuka, akaenda mlangoni, akaufungua. Askari wakasimama wima. "Waleteni mke wa mchoraji na mtoto wake," akawaambia. "Kwa heshima. Kisha mje mnifunge mimi."

Akavua kilemba cha uliwali mbele ya askofu na umati wote, akasema kwa sauti waliyoisikia hata walio mwisho wa uwanja kwamba alimwua ndugu yake kwa tamaa ya kiti. Watu wakaacha kuimba. Serapioni naye akasogea mbele akakiri kwamba aliona jeraha akanyamaza kwa woga, na mmoja baada ya mwingine wale waliomwosha marehemu wakasogea wakasimama pamoja naye. Wazee wakaamua hukumu. Kosmasi alipelekwa kwenye monasteri ya jangwani, akawa mchota maji wa watawa hadi mwisho wa uhai wake, na husemwa kwamba huko alipata kulala.

Yulita alipofika uani na mtoto mgongoni, Serapioni alimkimbilia, kisha akasimama, maana hakujua kama bado ana haki ya kumkaribia. Yulita alimtazama. "Baba Tekla," akasema, "homa imeshuka tangu alfajiri, lakini hajala. Twende nyumbani." Akamfungua mtoto mgongoni, akamkabidhi mikononi mwake.

Ndugu wapenzi, wako watu wanaosema kweli ili kumwangusha mwenzao, na Mungu huwasikia. Serapioni aliisema kweli huku akimtakia adui yake usingizi. Tumwombe Mola atujalie ukweli wa namna hiyo, na siku utakapotugharimu walio wetu, atupe pia mtu wa kutuambia, bila kuficha hofu yake, kwamba atabaki kuwa wetu.