Tembo na Watoto Wake Wasio na Mkonga

Niliingia uani kwa bibi wa mke wangu na mzigo wa majani kichwani, natembea kama mtu aliyeteka mji. Huku milimani Upare, mume wa mjukuu akija kutembea haketi tu kungoja chai. Hushika mundu akamkatia bibi majani ya ng'ombe. Mimi nimelala kwenye stesheni za nchi ambazo hata majina yake siwezi kuyatamka, lakini majani ya ng'ombe sikuwahi kukata maishani mwangu. Kwa hiyo nilikata kila cha kijani nilichokiona kando ya chemchemi.

Bibi Nakijwa akachomoa kijiti kimoja kwenye mzigo, akakigeuza, akakinusa.

"Mume wangu," akasema, maana bibi wa mke ni mtani na huniita hivyo mbele za watu, "huu ni mkuyu. Huu nao mkuyu. Na ule alionao ng'ombe mdomoni ni mzambarau. Miche hiyo niliipanda masika iliyopita ili chemchemi isife."

Ng'ombe akameza.

Watoto waliokuwa wakipukuchua mahindi barazani wakaweka magunzi chini ili wacheke vizuri. Bibi hakucheka. Akanisogezea kigoda kwa mguu.

"Keti uwasaidie hawa. Na uwape kisa. Mimi nikiwa na hasira napenda kumsikiliza mtu akisema uongo."

Basi nikaketi, nikabisha.

"Kisa hodi."

"Karibu, kiketi."

"Kimekuja na uongo mfukoni."

"Utoe tuutafune."

Haya. Hapo kale palikuwa na mlima uliovaa msitu kama kofia ya baridi, umeivuta wenyewe mpaka masikioni. Mawingu yakitoka bondeni yalifika pale yamechoka, yakajilaza juu ya miti, yakanyesha. Miti ikanywa. Ikisha kunywa, ikapumua. Pumzi ikawa ukungu, ukungu ukawa wingu, wingu likanyesha tena, huku na kule, hata kwa majirani wa mbali wasio na mti wa kufungia mbuzi.

Chini ya mlima palikuwa na kidimbwi, na kidimbwini aliishi Chura.

Siku moja akaja Tembo. Tembo huyu alitembea peke yake. Wenzake walikuwa wamemfukuza kwa ulafi: alikula chake, akala cha jirani, kilichobaki akakikalia. Akauona msitu. Akauwekea mti bega. Gugugu, krraaa, puu. Akachuma majani ya juu kidogo, akauacha. Akauwekea bega mti wa pili. Gugugu, krraaa, puu. Akachuma kidogo, akauacha.

Chura akasema, "Kaka Tembo, tubakishie."

Tembo akatazama huku, akatazama kule, hakuona mtu. Gugugu, krraaa, puu.

Mlima ukabaki kipara.

Hapo watoto wote walinitazama kichwani. Sikuwazuia, mfano ulikuwa mzuri. Mwenye kipara anajua: jua likipiga, joto hupanda juu kama sufuria iliyosahauliwa jikoni, hata nzi hatui. Ndivyo ulivyokuwa mlima ule. Mawingu yakija, hewa ya moto ikayapiga usoni, fuuu. Yakasema, hapa hapalaliki, yakapita. Na wale majirani wa mbali nao wakangoja mvua, isije, wala hawakujua ni kwa bega la nani.

Kidimbwi kikawa sahani. Sahani ikawa kikombe.

Sasa Chura alikuwa na mayai tumboni, na chura hatagi pakavu. Akayaambia, "Wanangu, ngojeni kidogo." Vuli ikapita kavu. "Ngojeni kidogo." Masika ikapita kavu. Aliyaambia hivyo kila alfajiri, polepole, mkono tumboni, na alijua kwamba kikombe kile kikikauka hatakuwa tena na wa kumwambia angoje.

Kilichobaki kilikuwa kichaka cha mikuyu na mizambarau kule korongoni. Tembo hakukiangusha kwa sababu kilikuwa kimezaa, na alikuwa amesimama katikati yake, akila. Chura akaenda, chwa, chwa, chwa, akapanda juu ya jiwe.

"Kaka Tembo, matunda haya ya nani?"

"Yangu."

"Yote?"

"Hata yaliyooza."

"Ndiyo maana nakuonea huruma. Unakula chini, macho yako chini. Nyani akija kwa nyuma utamwonaje? Mwenye chake hushiba, kisha hupanda juu akakitazama."

Tembo akafikiri. Fikra za Tembo hukawia, kichwa kile kina vyumba vingi. Kisha akala makuyu, akala zambarau, akazimeza na kokwa zake maana sasa alikuwa na haraka, akapanda kule kwenye kipara, akasimama kulinda. Na aliyekula sana akisimama sana, watoto, hutokea nini?

"Pu," wakasema watoto.

Pu, pu, pu. Kesho yake akala, akapanda, akasimama. Hapa pu, pale pu. Akila, akipanda, akisimama, mpaka mlima mzima ukawa umepata.

Ikaja mvua moja nyembamba, ya kuona haya, iliyopotea njia. Asubuhi Tembo akaona vijani viwili viwili vinachungulia kwenye kinyesi chake. Njaa ikamshika. Akashusha mkonga.

"Kaka," akasema Chura, "unamla mwanao?"

Mkonga ukasimama hewani.

"Mwanangu?"

"Ametoka wapi huyo?"

"Ardhini."

"Na kabla ya ardhini?"

Tembo akafikiri, chumba hiki, chumba kile. "Tumboni mwangu," akasema pole pole.

"Kilichokaa tumboni mwako, kikatoka, sasa kinakua. Kwenu mnakiitaje?"

Tangu alipofukuzwa hakuna aliyekuwa amemwita baba, wala mjomba, wala hata wewe. Akapiga magoti, gubu, akainama mpaka pua ikagusa jani.

"Masikio yake mapana," akasema.

"Ya nani hayo?"

"Yangu. Lakini mbona hana mkonga?"

"Anao. Ameuchomeka ardhini, anatafuta maji."

Tembo akakaa pale mpaka jua likawa kali. Lilipokuwa kali, akakunjua sikio moja, akamfunika mtoto.

Tangu siku hiyo Tembo akajifunza kunyata. Mlimani pale mkubwa yule akawa anaweka mguu, anautazama, anauinua, anauweka pengine. Mbuzi mwitu akija kunusa, Tembo alitikisa kichwa tu, mbuzi akakumbuka safari. Alishuka mpaka mtoni, mbali, akajaza mkonga, akapanda nao hajanywa hata tone, akawagawia wanawe, chirr, chirr, kila mmoja kidogo. Siku moja wakati wa kurudi akamwona Chura kando ya kikombe chake, ngozi imepauka kama gunzi. Akasimama. Akamdondoshea maji mgongoni.

"Na wewe ni shangazi yao," akasema, akapita.

Chura alitaka kumwambia ukweli siku ile. Akafungua mdomo. Akamtazama Tembo anavyonyata na tumbo lake tupu, akaufunga.

Miaka ikaenda. Vijani vikawa fimbo, fimbo zikawa nguzo, nguzo zikashikana mikono. Ardhi ikapoa. Miti ikapumua, mwanzo pumzi ya kitoto, kisha ya kikubwa. Ukungu ukapanda. Na alasiri moja wingu zee lililokuwa likipita zake likatazama chini, likasema, hee, kitanda kimetandikwa. Likajilaza. Likanyesha. Likanyesha na kwa wale majirani wa mbali, ambao walicheza ngoma usiku kucha wala hawakujua ni kwa tumbo la nani.

Kikombe kikawa sahani. Sahani ikawa kidimbwi. Chura akaingia, akayaambia mayai, "Sasa."

Baada ya siku chache Tembo akaja kumpongeza. Akainama, akatazama majini, akatazama sana. Viluwiluwi vilikuwa vinacheza, vyeusi, vichwa vikubwa, vina mikia, havina mguu hata mmoja. Akamvuta Chura pembeni.

"Dada, sitaki kukuudhi. Hawa una hakika ni wako?"

"Ni wangu."

"Hawafanani na wewe hata kidogo."

"Ngoja wakue."

Tembo akamgusa mgongoni kwa ncha ya mkonga, kwa upole. "Usijali, dada. Wapende hivyo hivyo. Wangu nao mkonga wao hauonekani."

Kisa kwaheri.

"Nenda na uongo wako," wakaitika watoto, "utuachie utamu."

Mahindi yalikuwa yamekwisha. Bibi Nakijwa alikuwa bado amekishika kile kijiti cha mkuyu, nami nikaona ameanza kulegea shingo, nikasema hapa hapa nimalizie na fundisho.

"Basi wanangu, kisa hiki kinatufundisha kwamba mharibifu wa miti hagombezwi. Hana kosa, kakosa malezi tu. Mpeni zambarau ale ashibe, kisha mwacheni atembetembee mlimani taratibu, na Mungu akipenda msitu utarudi wenyewe."

Watoto wakamtazama Bibi. Bibi akasimama, akajipangusa makapi ya mahindi kwenye kanga, akaniwekea kile kijiti mapajani.

"Tembo hakuwa na mikono, mume wangu. Wewe unayo miwili, na jembe lile pale mlangoni."