Makombe ya Kilimani

Kabla ya mwenyeji palikuwa na bahari. Mliyasikia maneno hayo asubuhi, wajukuu zangu, watu walipozozana nani ana haki ya kuketi mbele, mkashangaa sisi watu wa milimani tumeitoa wapi methali ya bahari. Ilizaliwa hivi.

Huko Kwemkole, kwenye vilima vilivyo nyuma ya Tanga, aliishi mama mjane aitwaye Mamvua. Mwanawe, Mhina, alikuwa amemwoa Mwanakombo, binti wa Pangani. Mamvua hakumtukana mkwewe wala kumnyima chakula. Alimwita mgeni tu, mwaka hata mwaka, mbele ya majirani, hata baada ya kuzaliwa mjukuu. “Sisi tuko hapa tangu kilima kiumbwe,” ndivyo alivyozoea kusema. Mwishowe Mwanakombo akamwambia mumewe kwamba mvua zikikatika atarudi kwao na mtoto. Mamvua aliyasikia hayo akiwa upande wa pili wa ukuta. Usiku huo akamlaza mjukuu ubavuni mwake.

Msimu huo uani palikuwa tope tupu, na arusi ya binti wa Mamvua ilikaribia. Wanawake wa ukoo wangeketi wapi? Mwanakombo akashauri yaletwe mawe meupe ya pwani.

“Ua wangu utatandikwa mawe ya kilima hiki,” Mamvua akajibu. “Ya kwetu.”

Wakapanda wote wawili hadi kwenye korongo ambako mawe yamelala tabaka juu ya tabaka. Kuchagua mawe Mamvua alikujua. Kila jiwe aliligonga kwa kokoto, akasikiliza kama lina ufa. Akalimwagia maji kidogo, kisha akalikanyaga kwa unyayo mtupu. Lililoteleza aliliacha.

Jiwe moja lilimpendeza kuliko yote, ila lilikuwa nene mno, halibebeki. Mwanakombo akachomeka mtaimbo kwenye mstari wa tabaka, akauegemea kwa uzito wake wote. Jiwe likaachana vipande viwili, kikadondoka kimoja chali.

Ndani yake mlijaa makombe. Mengine yamefumba, mengine yamekunjuka, na katikati lilikuwapo moja kubwa lililojiviringa kama pembe ya kondoo dume. Kila mfuo ulionekana.

Mamvua akapiga magoti. “Nani amechonga haya?”

“Hayakuchongwa, mama. Ni makombe ya baharini. Kwetu watoto huyaokota maji yakitoka.”

“Na nani aliyaleta huku juu?”

“Yalikuwa ndani ya jiwe, mama. Umeona mwenyewe nikilifungua. Nani angeyatia humo?”

Mamvua akapitisha kidole juu ya lile kubwa, polepole, kama anayegusa uso wa mtoto aliyelala. Akainua macho. Chini yao palikuwa na mashamba, makaburi ya babu zake, msitu, na mbali kabisa bahari, nyembamba kama uzi. Akajaribu kuona maji yakiwa yamefunika vyote hivyo, yamefunika hata pale alipopiga magoti, samaki wakipita mahali ambapo sasa mwewe alikuwa akizunguka. Akamshika Mwanakombo mkono, asiuachie.

“Basi bahari ilikuwa hapa,” akasema kwa sauti ndogo. “Kabla ya babu zangu. Kabla ya msitu.”

“Inaonekana hivyo, mama.”

“Nami nilikuwa nikikuambia tuko hapa tangu kilima kiumbwe.”

Walikaa hapo mpaka jua likawaelemea. Kisha Mwanakombo akauliza kama walilaze jiwe kifudifudi, watu wasije wakaogopa.

“Litalala uso juu,” Mamvua akasema. “Mlangoni, wanapoingilia wageni.”

Siku ya arusi wanawake walifika wakiwa na maneno mengi, na kila aliyelifikia jiwe lile alisimama akaliinamia. Mmoja alivua viatu bila kuambiwa. Wengine wakafuata. Mwanakombo alikuwa amesimama pembeni na birika la kunawia, kama ilivyokuwa desturi yake.

Wifi yake Mamvua akamwona. “Huyu mgeni wako bado yupo?”

Mamvua akalichukua birika mikononi mwa mkwewe, akamketisha kwenye mkeka, kati ya wanawake wa ukoo, mahali pake yeye mwenyewe. Ndipo akamgeukia wifi yake.

“Tazama unapokanyaga, wifi,” akasema. “Kabla ya mwenyeji palikuwa na bahari.”