Jina Juu ya Mlango

Hapo zamani, nchi ya Ureno, palikuwa na nyumba ya watawa na mwanamke aliyewafulia kanzu, jina lake Deolinda. Ili kanzu zikae ngumu bila mikunjo, alizipaka ute mweupe wa mayai. Viini walipewa nguruwe. Mwaka wa kwanza Deolinda akavumilia, wa pili akavumilia, wa tatu akabeba beseni la viini mpaka jikoni kwa Bruda Anselmo, mtawa aliyekuwa mpishi.

"Bruda, moyo unaniuma. Vitu vizuri hivi, nguruwe?"

Anselmo akacheka, akapokea. Akapika na maziwa na sukari, yakakatika. Akarudia, yakaungua. Akarudia msimu mzima, moto ukamla nyusi, mpaka siku moja rojo likatulia, laini, lenye madoa meusi juu. Deolinda alionja, akakaa kitako palepale sakafuni.

Kisha ikaja amri ya serikali: nyumba zote za watawa zifungwe. Watawa wenzake Anselmo wakatawanyika. Anselmo akabaki nje ya lango na kifurushi chake, hana pa kwenda. Vicência, mjane aliyeoka mikate mtaa wa pili, akamshika mkono.

"Ingia ndani, Bruda. Tanuri langu ni lako."

Ni Vicência aliyekanda unga, akaukunja na siagi, akausukuma, akaukunja tena, mpaka ukawa mwembamba kama karatasi. Akaumba vikombe vidogo, rojo likamiminwa humo, vikeki vikaingia tanurini. Watu wakapanga foleni hadi barabarani.

Ndipo akaja mchoraji wa vibao vya maduka na ngazi yake, kuandika jina juu ya mlango. "Niandike vikeki vya nani? Nafasi ni ya jina moja tu."

"Mimi," akasema Anselmo. "Nyusi zangu hazijaota mpaka leo. Bila mimi ni mayai tu."

"Bila mimi ungekuwa unaomba njiani," akasema Vicência, "na rojo lako lingeishia sufuriani."

Deolinda, aliyesimama nao mlangoni, alitazama mikono yake iliyopasuka kwa sabuni ya majivu. Jina lake halikuwahi kuandikwa popote.

"Bila mimi," akasema polepole, "nguruwe wangenenepa."

Wakacheka wote watatu, wakashikana mabega, machozi yakawatoka. Lakini hakuna aliyerudisha neno lake nyuma. Mchoraji akachovya brashi, akapanda ngazi, akageuka kuwatazama.

Haya, ninyi mnaonisikiliza, rangi inakauka. Aandike jina la nani?